Gitaa Nililolikana



Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya Ubatizo, vya Ndoa na vya marehemu, kupokea zaka na kukata stakabadhi, na halmashauri ya walei inapokutana mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Basi huenda utashangaa ukisikia kwamba leo nataka kukueleza habari za muziki wa dansi. Usilifunge gazeti. Nivumilie hata mwisho, maana katika habari hii limo kosa langu mwenyewe, na mtu aweza kuonywa kwa kosa la mwenzake.

Napenda muziki wa Morogoro Jazz. Naupenda tangu utoto wangu, na zaidi ya yote nalipenda gitaa la marehemu Mbaraka Mwinshehe. Jioni nikiisha kufunga ofisi, huketi barazani kwangu nikaufungulia katika simu yangu ya mkononi, kwa sauti ya chini. Kwa nini kwa sauti ya chini? Hilo utalijua baadaye.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, ambako mchanga ni mwekundu, maji ni ya taabu na mikorosho ni mingi. Kwetu, kama ujuavyo, mjomba si mtu mdogo. Baba amekuzaa, lakini mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wangu alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache, asiyekosa Misa ya Dominika. Alikuwa na mali moja aliyoitunza kuliko baiskeli yake, nayo ni redio ya kaseti iliyokula betri nne kubwa. Betri zikichoka alizianika juani jamvini pamoja na korosho, zikapata nguvu za siku moja zaidi. Na kaseti ikiisha hakuirudisha nyuma kwa redio. Aliitoa, akachomeka kalamu katika tundu lake, akaizungusha kwa mkono, ili asile moto wa betri bure.

Msimu wa korosho sisi watoto tuliketi chini ya mti tukizitenga korosho na mabibo yake, naye akafungulia Morogoro Jazz. Tuliimba pamoja na mwimbaji, tukipiga makelele. Siku moja akaniita.

"Mpwa wangu, njoo hapa. Unasikia nini?"

"Namsikia mtu anaimba, mjomba."

"Huyo kila mtu anamsikia. Msikilize aliye nyuma yake."

Nikainamisha sikio karibu na redio. Kwanza sikusikia kitu kipya. Kisha nikasikia gitaa. Kisha nikasikia kwamba si gitaa moja, ni mawili. Na mjomba akanishika mkono, akaugonga-gonga pole pole juu ya goti lake, nikalisikia na la tatu, zito, chini kabisa. Tangu siku ile sijapata kuusikia muziki kama nilivyousikia zamani.

Msomaji, umepata kuwaona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja? Mchi wa kwanza ukishuka, wa pili wapanda, na wa tatu uko angani wangoja zamu. Hawahesabu wala hawaambiani, na michi haigongani. Ukisimama mbali wasikia mlio mmoja tu wenye kupendeza. Basi ndivyo yalivyo magitaa ya bendi ile. Gitaa la besi ni mchi mzito: husema machache, lakini likikosea, wote wamekosea. Gitaa la ridhim hurudia maneno yale yale machache tangu mwanzo hata mwisho, pasipo kuchoka wala kutaka kusifiwa. Na gitaa la solo ndilo lenye kutembea juu, nalo ndilo lililokuwa mikononi mwa Mbaraka.

Angalia jinsi linavyotembea. Mwimbaji akitamka neno, gitaa lamwachia nafasi. Akivuta pumzi, gitaa lajibu sauti mbili tatu, kisha lanyamaza tena. Na mara nyingi mwimbaji na mpigaji walikuwa mtu mmoja, yeye mwenyewe Mbaraka, hata wadhani wamsikia mtu akizungumza na moyo wake. Maneno yakiisha, mwendo huongezeka, ikawa ile sehemu ambayo wapigaji huiita chemko. Hapo gitaa hupewa uwanja. Lakini hata hapo Mbaraka hakimbii kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Hushika kipande kidogo, akakirudia mara tatu, mara nne, na mara ya tano akakigeuza kidogo tu mwishoni. Nawe uliyekwisha kukizoea washtuka, ukacheka peke yako.

Huenda wauliza, mtu huyu alikuwa nani? Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, akaingia Morogoro Jazz mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Mwaka huo huo mji wa Morogoro ulimpoteza Salum Abdallah, mwimbaji mkuu wa Cuban Marimba, aliyekufa kwa ajali ya gari. Mji ule mdogo chini ya milima ya Uluguru ulikuwa na bendi mbili zilizoshindana, na mashindano yao yaliwanoa wote. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, katika maonyesho makubwa ya mataifa mjini Osaka, wakapiga muziki wa Tanzania mbele ya watu wa dunia nzima. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha bendi hiyo akaunda yake, Super Volcano. Mwezi wa Januari mwaka 1979 alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, nchini Kenya. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Nilipofikia umri huo mimi mwenyewe nilikaa kimya siku nzima nikiyawaza mambo hayo.

Neno hili Jazz lisikutatize. Jazz yenyewe ni muziki wa watu weusi wa Marekani, lakini bendi zetu zilichukua jina tu, kwa kuwa lilikuwa jina la heshima. Dar es Salaam Jazz ilianza tangu mwaka 1932. Baadaye santuri za kutoka Kuba zikaenea katika miji yetu, kisha muziki wa Kongo ukavuma, na vijana wetu wakavichanganya vyote na ngoma za nyumbani, wakatia maneno ya Kiswahili. Kila bendi ikajipatia mtindo wake na jina lake: Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Radio Tanzania ikawarekodi, sauti zao zikafika mpaka huku kwetu kusini, katika vijiji ambavyo hata basi halikufika wakati wa masika.

Najua utakalosema. Utasema muziki huu ulipigwa katika mabaa, na katika mabaa mna pombe, na katika pombe mna ugomvi na uzinzi. Ni kweli, wala sitaki kukudanganya. Wako akina mama wa parokia yetu ambao waume zao waliifuata sauti ya gitaa wakaacha fedha zote za korosho huko. Mama wa namna hiyo sithubutu kumwambia kwamba gitaa ni jambo la kupendeza. Lakini mvinyo uliomlevya Nuhu na mvinyo wa Kana ni mvinyo ule ule. Na katika nyimbo za Mbaraka ziko zilizohusu mambo yaliyo mazito nyumbani mwetu. Mmoja waitwa "Shida", mwingine "Masimango", na jina la huo wa pili peke yake lamtosha kila mtu aliyepata kulelewa kwa chakula cha kuhesabiwa.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Katika parokia yetu alikuwako kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, anayelelewa na bibi yake. Sitamtaja jina. Alipokuwa mdogo alijitengenezea gitaa la dumu la mafuta, shingo ya mti, nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Baadaye alifanya vibarua vya kupulizia mikorosho dawa, akaweka akiba misimu miwili, akateremka Masasi mjini akanunua gitaa la kweli, kuukuu, lenye ufa ubavuni. Ufa ule aliuziba kwa nta. Akaanza kuwapigia watoto wa kwaya ndogo, nao watoto waliokuwa wakikosa mazoezi wakaacha kukosa.

Siku ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo kwaya ndogo iliimba wakati wa matoleo. Kati ya beti na beti kijana akaweka kipande kifupi cha gitaa. Msomaji, nywele zilinisimama! Alikishika, akakirudia mara nne, na mara ya tano akakigeuza mwishoni. Mimi nilijua mara moja amejifunza wapi. Bibi mmoja kizee, aliyekuwa akipeleka kikapu chake cha mihogo altareni, alipunguza mwendo ili asifike upesi.

Lakini si mimi peke yangu niliyejua. Dominika iliyofuata halmashauri ilikutana, na mzee mmoja akasimama kwa hasira akasema kwamba kijana ameleta dansi ndani ya nyumba ya Mungu, na kwamba kipande kile yeye akijua ni cha bendi gani. Hakuna aliyemwuliza amekijulia wapi. Wengine wakaitikia. Mmoja akasema leo ni gitaa, kesho watoto watacheza altareni. Padre Paroko alikuwa safarini siku ile. Mwenyekiti, mtu wa haki, akanigeukia mimi.

"Karani, wewe umesoma chuo cha ualimu, umefundishwa na muziki. Je, jambo hili wewe waonaje?"

Wote wakanitazama. Nilikuwa na kalamu mkononi. Moyoni nilikuwa na majibu matatu yaliyo tayari. Lakini nikafikiri: nikimtetea watasema karani naye ni mtu wa dansi, na kazi yangu ni ya kuaminiwa, nashika fedha za parokia. Nikasema, "Mimi sina neno, Mwenyekiti. Mimi ni mwandishi tu."

Basi ikaamuliwa gitaa lisipigwe tena kanisani wala katika mazoezi. Na barua ya kumwarifu kijana niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri niliofundishwa chuoni, nikaigonga mhuri, nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaisoma pale pale, akasema, "Ahsante, Mwalimu." Hakusema zaidi. Mwezi uliofuata akahama kijiji. Watoto wa kwaya ndogo walipungua, kwanza mmoja mmoja, kisha wakaisha.

Usidhani nilitubu upesi. Niliendelea kusikiliza muziki wangu jioni, ila tangu wakati ule nilipunguza sauti, jirani asisikie. Hiyo ndiyo sababu niliyokuambia utaijua. Mtu anayemnyima mwenzake kitu mchana, halafu usiku akakila mwenyewe mafichoni, sijui mwamwitaje kwenu. Kwetu jina lake si zuri.

Wakati wa likizo ya Krismasi nilikwenda kumsalimu mjomba. Sasa ni mzee sana, masikio yameziba, nawe huna budi kusema karibu kabisa. Nikamsimulia habari zote, nikitumaini atanifariji. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mpwa wangu, masikio yangu yamekufa kwa uzee. Ya kwako umeyaua mwenyewe."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikarudi parokiani, nikaenda moja kwa moja kwa Padre Paroko nikamweleza. Hakunigombeza. Alitoa kabatini kitabu cha hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, akanionyesha Konstitusio juu ya Liturujia, iliyotolewa mwezi wa Desemba mwaka 1963. Humo yasemwa kwamba kinanda cha filimbi kipewe heshima kubwa katika Kanisa la Kilatini, lakini vyombo vingine navyo vyaweza kukubaliwa katika ibada, kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae au viweze kufanywa vifae kwa mambo matakatifu, vipatane na heshima ya hekalu, na viwajenge waamini kweli. Padre akafunga kitabu akasema, "Waona? Wazee wetu walikuwa na swali la haki: je, upigaji huu wafaa? Swali hilo lilimhitaji mtu mwenye kujua ili alijibu. Huenda jibu lingekuwa kijana apunguze kipande kile, akipige kwa utulivu. Lakini mwenye kujua alinyamaza."

Nikamwomba ruhusa ya siku mbili. Nikapanda gari la abiria, tukauteremka ukingo wa Uwanda kuelekea Masasi, na ile milima ya mawe ikaonekana mbele yetu kama migongo ya tembo waliolala. Nilimkuta kijana katika gereji moja ya pikipiki, mikono imejaa grisi. Alinishikia kifundo cha mkono asinichafue. Tukaketi juu ya tairi kuukuu. Nikamwambia yote: kwamba niliulizwa, kwamba nilijua, na kwamba nilisema sina neno. Nikamwomba radhi, mimi mwenye miaka thelathini na zaidi, yeye ambaye angaliweza kuwa mwanafunzi wangu.

Akatazama chini. Akasema, "Mwalimu, mimi sikuwa na hasira na wazee. Wazee hawakujua. Wewe nilikuwa nakusikia jioni, nikipita nyuma ya nyumba yako. Nilidhani utasema."

Ndugu msomaji, sijapata kuambiwa neno zito kama lile.

Nikamwambia Padre ameliita jambo hili lizungumzwe upya, arudi na gitaa lake. Akatabasamu kidogo. "Gitaa nililiuza, Mwalimu. Chumba kilitaka kodi."

Halmashauri ilikutana tena wakati wa Kwaresima. Safari hii niliweka kalamu chini, nikasimama, nikasema nijuayo. Niliwaeleza habari za michi mitatu katika kinu kimoja. Nikakiri pia kwamba muziki ule naupenda na nausikiliza. Wengine walicheka, wengine waliguna. Mzee yule mwenye hasira aliuliza kwa sauti ya chini kama ninao ule wimbo wa zamani wa kwenda Japani. Uamuzi ukawa hivi: gitaa laweza kupigwa, Padre na mwalimu wa kwaya wakiisha kulisikiliza kwanza. Kumbukumbu za kikao kile niliziandika usiku, kwa kuwa wakati wa kikao sikuweza.

Kijana alikuja siku ya Pasaka. Alikaa kiti cha nyuma, mikono mitupu. Watoto wakageuka kumtazama mpaka mama zao wakawafinya.

Basi nisemeje? Nyinyi wazazi, mtoto wako akiokota waya na dumu akajitengenezea zeze au gitaa, usilivunje kabla hujalisikiliza. Mfundishe mahali pa kulipiga na mahali pasipofaa. Mwonye habari za pombe, na umwonye sana. Lakini kipaji chenyewe usikiite dhambi, maana hakikutoka kwako wala kwa mwenye baa. Nanyi mliosoma kidogo kuliko Maaskofu na zaidi ya jirani zenu, kama mimi, siku mtakapoulizwa mjualo, lisemeni.

Nina daftari yangu ndogo, si ya parokia, ninamoandika madeni yangu mwenyewe. Ukurasa wa mwisho nimeandika: gitaa moja. Mikorosho ya mjomba imetoa maua vizuri mwaka huu, naye amenipa miti sita niihudumie. Korosho zikiuzwa nitateremka tena Masasi. Na jioni, nikiisha kufunga ofisi, siku hizi nimeongeza sauti kidogo.